Kilima Kilichogeuka Shimo

Leo nakusimulia kosa la alama moja tu, ya kutoa, lililogeuza vilima vya Kinango kuwa mashimo.

Mpwa wangu yuko shule ya upili na anaandika hadithi ya nchi isiyokuwepo. Shujaa wake anashuka bondeni usiku kuiba maji yanayolindwa na joka. Akaniomba ramani. Mimi si mchoraji, ni mtu wa programu, basi nikafanya ujanja: nikachukua umbo la ardhi ya kwetu Kinango hadi vilima vya Shimba, nikabadilisha majina, Bahari ya Hindi nikaifuta. Vimo vya ardhi vinapatikana bure. Chombo cha anga Endeavour kilivipima kwa rada Februari 2000, kwa siku 11, na tangu 2014 data ya Afrika inatolewa kwa kipimo cha mita 30 hivi.

Kupaka kivuli kwa kompyuta si uchawi. Unaweka jua la kubuni mahali, kisha kwa kila pikseli unauliza: mteremko huu umelielekea jua au umelipa kisogo? Uliolielekea unang'aa, uliolipa kisogo unatiwa giza. Nikaandika mistari kama thelathini, picha ikatoka, nikaipenda, nikaichapisha na kuipeleka nyumbani.

Mama aliishika karibu na mlango, penye mwanga. "Mbona mto umepita juu ya mlima?"

Nikacheka, na sikupaswa kucheka. Huyu ni mtu aliyebeba mitungi ya maji kwenye miteremko ile tangu utotoni. Mpwa wangu akaitazama tena, akanywea. "Mjomba, kumbe shujaa wangu anapanda!" Na Jumatatu alikuwa aisome hadithi mbele ya darasa.

Usiku huo nikapekua programu. Kwenye picha ya kompyuta mistari huhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Kwenye ramani, kaskazini huongezeka kwenda juu. Nilisahau kugeuza alama, kwa hiyo jua langu likamulika kutoka pembe ya chini, kushoto. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu. Yakipewa wa chini ya karatasi, yanapindua kila kitu: kilima kinabonyea, bonde linavimba. (Jaribu mwenyewe: igeuze karatasi juu chini, vilima vitarudi.)

Ndiyo maana wachora ramani huweka jua kaskazini magharibi, nyuzi 315, kimo nyuzi 45, na programu nyingi huja na namba hizo tayari. Cha kuchekesha ni kwamba kule Uswisi, kwa mabingwa wa kazi hii kama Eduard Imhof, jua hilo halipo. Hata Juni linazama kabla ya kufika upande huo. Nikapiga hesabu ya Kinango, nyuzi 4 na kidogo kusini mwa ikweta. Katikati ya Juni, kusi ikivuma, inapokaribia saa tisa alasiri, jua letu liko karibu kabisa na hapo! Jua la kubuni la Wazungu kwetu ni jua la kurudi shambani.

Nilipogeuza alama, vilima vikasimama. Likabaki tatizo la majina. Jua likiwa nyuzi 45, ardhi tambarare hupata mwanga wa 0.7 tu, yaani kijivu, na Kinango ina tambarare nyingi. Herufi zilikuwa zinazama. Nikaifanya tambarare iwe nyeupe, giza nikaliachia miteremko peke yake, na hata hapo nikatumia kahawia badala ya nyeusi. Vimo nikavizidisha mara nne, maana hata Shimba yenyewe hufika mita 450 hivi tu, na kwenye karatasi ingeonekana kama mkunjo wa shuka. Ni uongo kidogo, lakini nchi yenyewe ni ya uongo.

Jumapili jioni nikampa mama karatasi mpya bila kusema neno. Kidole chake kikaanzia kwenye mgongo wa kilima, kikafuata mkondo, kikasimama penye maji.

"Sasa nimeshuka," akasema. "Na huyu mdudu mmemweka kisimani kwa nini?"