Karte ya mtoto si ya kutuma ovyo



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, Bukavu inajaa shangwe. Watoto wanamwagiwa poda kichwani, na sisi walimu wa darasa la sita tunafurahi pamoja nanyi. Lakini siku zile zile simu zinaanza kulia. Sauti yenye heshima inasema: «Mama, hongera! Mtoto wako amechaguliwa kupata burse. Tuma picha ya karte yake ya uchaguzi, mbele na nyuma, pamoja na dola 20 za dosie. Mwisho ni leo jioni.»

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja, muuza sambaza, alituma vyote. Burse haikuja. Majirani walimhurumia kwa ajili ya zile dola 20. Mimi niliogopa zaidi ile picha.

Miezi michache baadaye, mtu kutoka Kadutu alifika kwao akiwa na hasira. Alikuwa ametapeliwa kwa simu, na alipotuma feza, jina lililotokea lilikuwa la yule msichana. Aliuliza-uliza mpaka akaipata nyumba. Mtoto aliyekuwa anajitayarisha kwenda chuo alilazimika kujieleza mbele ya mkubwa wa mtaa kwa kosa asilolijua.

Tuelewe jambo hili. Hapa kwetu wengi hawana kitambulisho cha taifa. Karte ya uchaguzi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kwa karte hiyo namba ya simu inaandikishwa, na konti ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money inafunguliwa. Tangu benki za mji zifunge milango mwaka 2025, simu ndiyo imekuwa benki yetu. Feza ikipotea, utauza sambaza tena. Jina la mtoto likichafuka, utalisafisha kwa sabuni gani?

Tusiwacheke wanaodanganyika. Burse za kweli zipo. Programu ya Excellentia, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, inasomesha vijana waliopata pointi za juu sana katika mtihani wa Serikali. Mwongo anavaa nguo ya mtu wa kweli. Tena mara nyingi sisi wenyewe tunampa habari: tunaweka kwenye WhatsApp jina lote la mtoto, masomo yake na asilimia aliyopata. Kisha tunashangaa: «Amejuaje?»

Basi, tufanye hivi:

Kwanza, anayetaka feza ili akupe burse, usimtumie kitu. Anayekuharakisha, mwambie utamjibu kesho.

Pili, namba ya siri, na ile kode inayoingia kwa mesaji, usimsomee mtu yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu.

Tatu, habari ya burse iulizwe kwa miguu: kwa prefe wa masomo, au kwenye ofisi ya chuo chenyewe, iwe ISP, UOB au UCB.

Nne, kwenye fotokopi ya karte andika kwa bic kazi yake na tarehe, kwa mfano: «Kwa kujiandikisha ISP tu». Mahali pa fotokopi, kama karte imepita kwenye kompyuta, omba ifutwe mbele yako.

Tano, kama picha imekwisha kutumwa, usinyamaze kwa haya. Nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu uulize namba gani zimeandikishwa kwa jina la mtoto, kisha upeleke neno kwa polisi. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamwadhibu anayejifanya mtu mwingine kwa njia hiyo.

Kwenye mkutano wa akiba wa juma hili, aliye na gazeti hili awasomee wenzake wasiojua kusoma. Simu inawalilia wao pia.