Penye Njia Ndipo Nia Izaliwapo

Wahenga walinena kuwa penye nia pana njia. Methali hii hurudiwa mno katika sherehe za kufunga muhula, na aghalabu hurudiwa na wale ambao njia zao zilifyekwa zamani. Kijana wa Kieni, upande wa Nyeri usiojaliwa mvua nyingi, ana haki ya kuigeuza. Atanuiaje kuwa mfamasia ilhali mfamasia wa pekee amjuaye ni mkono unaopitisha dawa kwenye kidirisha cha zahanati? Atatamanije maabara ikiwa hadubini ya shule yao hufungiwa kabatini hadi siku ya mtihani?

Hapa ndipo unapoonekana uzito wa ziara za wanafunzi na wahadhiri wa taaluma za afya katika sekondari za kutwa. Mgeni aliyevaa koti jeupe anapompa mwanafunzi kipimo cha presha na kumwelekeza ampime jirani yake, ile kazi iliyokuwa ya watu wa mbali huwa, kwa dakika chache, kazi ya mikono ya mwanafunzi huyo. Mvulana hugundua kuwa uuguzi si kazi ya wanawake pekee. Msichana naye hutambua kuwa upasuaji haukuandikiwa wanaume.

Ajabu ni kwamba kijana huyo anaishi katika eneo lenye historia ndefu ya tiba. Wamisionari wa Consolata walifika Kenya mwaka 1902, na hospitali yao ya Mathari iko pale pale Nyeri. Karibu na Karatina ipo Tumutumu, iliyoasisiwa na misheni ya Kiskoti. Upande wa mashariki wa mlima, Dkt. Clive Irvine alianza kazi Chogoria mwaka 1922. Hospitali hizo tatu zimefunza wauguzi. Mjini Nyeri, Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu (KMTC) kina tawi lake, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hufunza uuguzi hadi shahada. Kwa hiyo milango ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia kijana kuwa anaruhusiwa kubisha hodi.

Uzito wa mtu mmoja wa namna hiyo unadhihirika katika maisha ya Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940. Kaka yake, Nderitu, alimuuliza mama yao ni kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akatafakari, kisha binti akapelekwa shuleni. Mnamo 1971 binti huyo alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi, akabobea katika anatomia ya mifugo, na baadaye akaongoza idara yake chuoni humo. Dunia inamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2004, lakini kabla ya miti palikuwa na maabara, na kabla ya maabara palikuwa na swali la mtoto, lililoulizwa nyumbani kwa lugha ya nyumbani.

Suala la lugha linawahusu wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja. Mgeni anaposimama mbele ya darasa na kumimina istilahi za Kiingereza, wanafunzi humpigia makofi kwa adabu, kisha hurejea makwao wakiwa wamethibitisha kile walichokishuku tangu awali: kwamba tiba ni ya wenye ndimi nyingine. Ilhali mgonjwa atakayewangoja wodini hatazungumza kwa istilahi. Atasema moyo unamwenda mbio, kichwa kinamgonga, tumbo linamkata. Asiyeyaelewa hayo atatibu karatasi. Wenyeji wa Gikondi walimwita mtawa Irene Stefani, muuguzi aliyewahi kuwahudumia wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, kwa jina la Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alifariki mwaka 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyemuuguza. Hakuna chuo kinachotunuku jina kama hilo. Hutolewa na watu waliosikilizwa.

Fauka ya hayo, katika masharti ya kujiunga na stashahada ya uuguzi KMTC, alama ya lugha inayotazamwa huweza kuwa ya Kiingereza au ya Kiswahili. Ni wanafunzi wangapi wa Kieni wanaolijua hilo kabla ya kidato cha nne? Wengi wamekwisha kukata tamaa kwa sababu ya Kiingereza kibovu, bila kujua kwamba Kiswahili chao kingewafikisha.

Hata hivyo, anayewaita vijana hana budi kuwaambia ukweli. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya madai yao lilihusu malipo na ajira ya madaktari wanagenzi. Mwaka 2021 serikali ilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi kufanya kazi Uingereza, huku wodi za nyumbani zikiwahitaji. Mwanafunzi akiuliza kama ataajiriwa akihitimu, asipozwe kwa methali. Aelezwe karo, miaka ya masomo, na uwezekano wa kungoja. Kijana aliyejua matuta ya njia mapema huyavuka; aliyedanganywa huyakuta gizani.

Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo visikae kando vikidhani kuwa hospitali haiwahusu. Idara ya uuguzi inapopanga ziara ya Naro Moru au Mweiga, mwanachama mmoja na aandamane nayo, akiwa na maelezo ya masharti ya kujiunga na vyuo yaliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu chepesi, ambayo mwanafunzi ataweza kumsomea mzazi wake jioni. Uamuzi wa karo hupitishwa nyumbani, na mzazi hawezi kuunga mkono ndoto asiyoielewa.