Hesabu ya Ndege Bondeni Msimbazi

Jina la Buguruni likitajwa, hakuna awazaye ndege, ila labda kunguru. Huyo twamjua sote: huamka kabla ya mwadhini, hunyakua vifaranga uani, hata kipande cha sabuni kilichosahauliwa penye ndoo hakimpiti. Wala si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Baadaye akaenea Mrima, akajifanya mwenye nyumba.

Lakini wako wageni wengine wasiomdhulumu mtu, nao tuliwafuata Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, pamoja na kikundi chetu cha wapenda ndege, walimu watatu na wanafunzi tisa. Januari kwetu ni kaskazi, jua lauma tangu saa mbili. Bali huko Ulaya na Siberia ni majira ya baridi, na matope yameganda kama jiwe, ndege hana pa kuchomeka mdomo. Ndiyo sababu huja kwetu. Mbayuwayu mmoja alivikwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, mwezi wa Mei 1911. Akapatikana Natal, Afrika ya Kusini, Desemba 1912. Na mbayuwayu mzima ana uzito wa gramu 20 hivi!

Tena Januari ndio mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika, desturi iliyoanza mwaka 1991. Basi karatasi ya hesabu tukakabidhiwa sisi mwandishi, kwa kuwa ndisi tufundishao hesabu shuleni.

Alfajiri tuliteremka bondeni kutoka Buguruni kwa Mnyamani. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, na kila unaposogea mjini hubeba uchafu wetu zaidi. Tulimkuta mzee mmoja akimwagilia mchicha, tukamwamkia.

“Marahaba, wanangu. Mwahesabu ndege? Je, mtawatoza kodi?”

Tulicheka sote. Kando ya matuta yake tulihesabu yangeyange 31. Mbele kidogo maji yalikuwa meusi, yana povu, na harufu yake hatutaisimulia. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Tukaupita mstari ule wa karatasi bila kuandika neno.

Msichana mmoja wa darasa la sita akasema, “Mwalimu, hapa hatuandiki?”

“Hapana kitu. Tuandike nini?”

“Si tuandike sifuri? Mwakani wakiwapo, watu watajuaje kwamba leo hawakuwapo?”

Tulimwambia afanye haraka, maji ya bahari hayatungoji. Jibu hilo twalikumbuka kwa aibu.

Tukapanda daladala mpaka Daraja la Salender, mto ulipokutana na bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, na upande wa bahari Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lilikuwa limekwisha kujaa magari. Matopeni palikuwa na sululu wenye midomo iliyopinda, na vitwitwi wadogo wakikimbia huku na huko kama watoto waliofunguliwa shule. Ghafula mwewe akapita. Vitwitwi wakaruka wote pamoja, wakageuka mara weupe, mara wa kijivu. Tulifurahi mno, tukaandika 600.

Hatukuwa tumehesabu. Tuliona wengi, na idadi kubwa ilitupendeza.

Yule msichana alikuwa amechuchumaa na daftari lake. Hakusema neno. Tulipochungulia tuliona alikuwa amehesabu kumi, akaangalia kumi ni kundi la ukubwa gani, kisha akapiga mstari kwa kila kundi kama hilo. Mistari yake ilikuwa 24. Juma lile lile tulikuwa tumemrudishia mtoto kazi yake kwa kosa la kuandika jibu bila kuonyesha njia, na sasa njia ya 600 yetu ilikuwa wapi?

Twakiri kwamba shetani alitunong’oneza. Nani angejua? Lakini tukawaza juu ya mtu atakayesimama pale mwakani, ahesabu 240 kwa haki, kisha aandike kwamba ndege 360 wametoweka, na watu wahangaike kutafuta msiba usiokuwako. Ndege wakarudi kutua. Tukamwomba msichana atufundishe njia yake mbele ya wenzake, tukahesabu tena sote: mmoja akapata 238, mwingine 243. Tukaikata 600 kwa wino, tukaandika 240. Kisha tukarudi juu ya karatasi, penye ule mstari mtupu, tukaandika sifuri.

Alasiri tulipita tena bondeni. Mzee alikuwa bado na ndoo zake.

“Mmepata wangapi?”

Tukamsomea yote, na mahali pa maji meusi pia.

“Sifuri nayo mmeiandika?”

“Tumeiandika, mzee.”

“Vema,” akasema, akatuchumia fungu la mchicha, wala hakutaka malipo.