Old Warden: Uwanja ambao ndege kongwe hazijastaafu

Kaskazini mwa London, katikati ya mashamba ya Bedfordshire, kipo kijiji kiitwacho Old Warden. Uwanja wake wa ndege hauna majengo ya fahari; njia ya kurukia ni nyasi zilizofyekwa, na kando yake yamepangwa mabanda. Humo zimo ndege ambazo kwingineko zingewekwa nyuma ya kamba zisiguswe. Hapa hukaguliwa, hutiwa mafuta na kurushwa. Siku za maonyesho familia huja na vikapu vya chakula, na wapiga picha hujipanga uzioni.

Kongwe kupita zote ni Blériot XI ya mwaka 1909, ya aina ile ile aliyoitumia Louis Blériot kuvuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza tarehe 25 Julai mwaka huo. Ni mbao, waya na kitambaa, na injini yake ina silinda 3 tu. Chombo dhaifu namna hiyo hakimudu upepo. Hungojwa jioni, hewa ikitulia, ndipo kiruke masafa mafupi juu ya nyasi. Pengine upepo hukataa kutulia, na watu hurejea makwao bila picha.

Lakini subira peke yake haitoshi. Mpiga picha mgeni huiharakisha kamera hadi sehemu 1 ya 1000 ya sekunde. Ndege hutoka safi, ila pangaboi limeganda, kana kwamba injini imezimika angani. Wazoefu hushuka hadi sehemu 1 ya 100 hivi, wakaifuata ndege kwa kamera taratibu, mwendo kwa mwendo. Picha nyingi huharibika. Ile inayofaulu huonyesha duara la ukungu mbele ya pua, na mtazamaji hutambua kwamba chombo kile kingali hai.

Uhai huo ulinunuliwa kwa msiba. Richard Shuttleworth, aliyeanza kuzikusanya ndege hizi, alizaliwa Julai hiyo hiyo ya 1909. Mwaka 1932 alinunua ndege ndogo ya de Havilland Moth, nayo ingali hapo. Tarehe 2 Agosti 1940, akiwa rubani wa jeshi la anga wakati wa vita, alifariki katika ajali ya mazoezi ya usiku. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake, Dorothy. Mama huyo angeweza kuziuza ndege zote asizione tena. Badala yake, mwaka 1944, aliweka wakfu kwa jina la mwanawe, ili watu wafundishwe urubani na kilimo.

Msomaji atakayejaliwa kufika huko na afuatane na wanawe. Kabla ya kuinua kamera, wapitie mabandani wawatazame mafundi wakishona kitambaa cha mabawa na kukaza waya. Bila mikono hiyo, jioni pasingekuwa na cha kupigwa picha.