Anayetwika, Anayebeba na Anayetua

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, shangwe hupita nyumba kwa nyumba, na waliofaulu humwagiwa poda nyeupe vichwani. Siku chache baadaye hufuata kazi nyingine isiyopigiwa vigelegele: kufunga mizigo. Kijana aliyefaulu ataondoka kwenda kusoma mji mwingine, na kwetu huku kwenda kusoma si kubeba vitabu peke yake. Ni kuhamisha sehemu ya jiko, sehemu ya ghala na sehemu ya kitanda cha nyumbani, kuvipitisha milimani na majini, hadi mahali ambapo huna shamba wala shangazi.

Sisi tunaoandika tafakari hii tulitoka Uvira mwishoni mwa mwaka 2019 kwenda kusoma Goma. Tulikuwa watano, wa mtaa mmoja. Tunapenda kuwashirikisha ninyi, vijana wa vikundi vya parokia, yale tuliyojifunza chini ya mzigo, kwa kuwa baadhi yenu mtafunga magunia mwaka huu, na wengine mnakaa katika miji ambako magunia hayo yatashuka.

Tuanze na kilichomo ndani. Kila mmoja wetu alikuwa na gunia la unga wa muhogo, mfuko wa maharage, mchele kidogo wa bonde la Ruzizi, ndagala zilizokaushwa na kufungwa katika majani, na bidoni ya njano ya lita 20 iliyojaa mawese. Kulikuwa na mbabula, sufuria mbili, na godoro la sponji lililoviringishwa na kukazwa kwa kamba. Kulikuwa na blanketi nzito, kwa maana aliyezaliwa kando ya Tanganyika haujui usiku wa Goma. Juu ya vyote likawekwa valizi la nguo, na ndani ya valizi bahasha ya vyeti. Ukijumlisha, mzigo wa mtu mmoja haukupungua kilo 80.

Wako watakaouliza: je, Goma hakuna soko? Lipo, tena kubwa. Lakini anayeuliza hivyo hajafanya hesabu ya nyumbani. Mzazi mwenye shamba ana muhogo, franka hana. Ada ya chuo haipokelewi kwa muhogo, wala kodi ya chumba hailipwi kwa maharage. Basi fedha zote zinazopatikana nyumbani huenda huko, na chakula huenda kwa miguu yake. Gunia la unga ni miezi miwili au mitatu ambayo mama hatalazimika kutafuta mtu wa kumtumia mwanawe fedha. Kila kilo katika mzigo wa mwanafunzi ni franka ambayo mtu fulani hakuwa nayo, akaileta kwa umbo jingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani sufi ile nyepesi ya kujazia mito. Anayemcheka mwanafunzi mwenye magunia huuona usufi. Waliofunga gunia lile wanajua kilichomo.

Mzigo ukishakuwa mzito, ndio unaoamua safari yako. Jambo hili tulilijua mapema. Kutoka Uvira kwenda Bukavu, njia hufika Kamanyola ikagawanyika. Mwenye begi dogo na hati zake aweza kuvuka mpaka, akapita barabara ya lami upande wa Rwanda na kufika Bukavu bila kuchoka sana. Mwenye magunia, mafuta na mbabula hatamani kuvifungua vyote mbele ya forodha mara mbili kwa siku moja, hupanda Ngomo. Sisi tulipanda Ngomo, juu ya gari la mizigo, tukishikilia kamba. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu mita zipatazo 1,460. Mto Ruzizi huteremka tofauti hiyo ukitoka Kivu. Sisi tuliipanda tukielekea mto unakotoka, kona kwa kona, korongo likiwa kando, huku gari likiguna kwa uzito wa vitu vyetu na vya watu wengine.

Bukavu nako ni vivyo hivyo. Kuna boti za mwendo wa kasi zinazofika Goma kwa saa chache za mchana, lakini hazitaki magunia. Kuna meli kubwa za usiku, za bei nafuu, zinazoondoka jioni na kufika asubuhi, zikipita kando ya kisiwa cha Idjwi wakati abiria wamelala juu ya mizigo yao. Ndivyo maskini anavyolipa: alichopunguza katika fedha hukiongeza katika muda na katika mwili wake.

Hapo bandarini ndipo tulipopata fundisho ambalo limeipa tafakari hii jina lake. Wengi wenu mmewaona akina mama wa Bukavu wanaobeba mizigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, mwili umeinama hata uso hauonekani. Huteremka na kupanda vilima vya mji ule wakiwa na magunia ambayo pengine ni mazito kuliko wao wenyewe. Mama mmoja alitujia. Tulimtazama, tukayatazama magunia, na mmoja wetu akasema kwa haya:

"Mama, hili ni zito. Labda tutafute wanaume wawili."

Akacheka. "Mwanangu, kubeba ni kazi yangu. Ninachoomba ni viwili tu. Ninyi wawili mnitwike, na mwenzenu mmoja atangulie mbele anitue. Peke yangu siwezi kujitwika, na peke yangu siwezi kulitua bila kulipasua."

Tukamtwika. Akachuchumaa, akakaza kamba, akainuka polepole, goti moja kisha la pili, akaenda. Tuliposikia pumzi zake tulinyamaza sote. Mwenzetu aliyetangulia akampokea kwenye ubao wa meli. Alipojinyoosha alitueleza, akijifuta jasho kwa ncha ya kitenge, kwamba mwanawe wa kwanza yuko sekondari, na kwamba ada yake hutoka katika magunia ya watu kama sisi. Tukampa malipo tuliyopatana, tukamwongezea vikombe vichache vya mchele. Alitushukuru kuliko kilivyostahili kitu chenyewe, akarudi juu kutafuta mzigo mwingine.

Usiku ule melini tuliyarudia maneno yake. Tulikuwa tumezoea kuhesabu mzigo kwa mtu mmoja: huu wangu, ule wako. Kumbe mzigo mzito una watu watatu: anayetwika, anayebeba na anayetua. Wazazi wetu walitutwika. Walisimama Uvira wakishika upande wa pili wa gunia hadi lilipotulia garini. Mama yule alibeba. Na kule Goma alihitajika mtu wa tatu, ambaye bado hatukumjua.

Mtu huyo wa tatu ndiye tunayemsahau mara nyingi. Mwanafunzi mgeni akishuka Goma alfajiri, ametwikwa vizuri na amebeba kwa juhudi, lakini hana wa kumtua. Waendesha pikipiki wanamzunguka, wenye chukudu wanamwita, na kila mmoja ameshika mkono mmoja wa gunia lake. Chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho Goma umekijengea hata sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara, ni msaada mkubwa kwa mwenye mzigo, mradi mwenye mzigo ajue aendako. Asiyejua atalipa mara tatu, atapelekwa kwenye chumba kisicho na mlango imara, na katika juma la kwanza atakuwa amemaliza fedha za mwezi. Sisi tulikuwa na bahati: kijana mmoja wa parokia, aliyepewa habari zetu kwa simu, alitungoja bandarini na chukudu mbili za watu anaowafahamu. Hakutupa fedha. Alitutua, basi. Lakini tangu siku ile tuliuona mji kama mahali penye mtu.

Lazima tuseme pia juu ya uzito unaoua. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Makumi ya watu walikufa. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, wasafiri wengi wakakimbilia njia ya maji, na chombo kikabeba watu na mizigo kupita nguvu zake. Sisi tulikuwa tumekwisha kumaliza masomo, lakini tulilia kama wenye safari ile, kwa kuwa tuliijua sakafu ya boti iliyojaa magunia, na jinsi mtu anavyokosa hata pa kuweka mguu.

Barabarani, mzigo wako unakulemea wewe. Majini, mzigo wako unawalemea wote. Hapo hakuna gunia la fulani. Kuna uzito mmoja. Kwa hiyo mizani ya bandari si adui wa mwanafunzi, ingawa hutoza. Mtu aweza kushawishika kumpa karani kitu kidogo ili kilo 80 ziandikwe 50. Lakini kilo 30 zilizofutwa kwenye karatasi hazikufutwa kwenye maji. Zimewekwa kwa siri juu ya kichwa cha mtoto wa mtu mwingine anayelala kando yako. Na mkiona chombo kimejaa mno, kubaki ufukweni hadi kesho si woga. Gunia litangoja. Wazazi waliotutwika unga hawakututwika ili tufe kwa ajili ya unga.

Jambo hili lilipata kupimwa kwetu kwa namna nyingine. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka, anga la Goma likawa jekundu. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara kwa mara, na asubuhi ya tarehe 27 Mei wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waliamriwa kuondoka. Tulisimama katikati ya chumba tukatazama mali yetu yote: gunia nusu, bidoni, mbabula, magodoro. Miaka miwili kasoro tulikuwa tumevitunza kama mboni ya jicho. Ndani ya dakika chache tulichukua bahasha ya vyeti, simu, maji na blanketi, tukafunga mlango. Mama mwenye nyumba aliiacha cherehani yake. Alibeba mtoto mgongoni na mwingine akamshika mkono. Tukampokea yule wa mkononi, tukambeba kwa zamu njia nzima ya kwenda Sake, katika umati usio na mwanzo wala mwisho.

Jioni, katika ua wa nyumba moja ya Sake, baba mmoja ambaye hatujapata kumwona alifungua lango, akatuambia maneno mawili tu: "Tueni mizigo." Hakuuliza tunatoka wapi. Mizigo ilikuwa midogo sana, mtu angeweza kuicheka. Lakini hatujapata kutuliwa kama siku ile.

Tuliporudi baada ya majuma kadhaa tulikuta unga umeota ukungu, na mlango mzima. Tukaendelea na masomo. Ndipo tulipofahamu kwamba vile tulivyovibeba kwa shida kubwa vilikuwa na thamani, wala hatuvidharau. Lakini thamani yake ilitoka kwa mikono iliyovishika. Unga uliharibika. Mikono ya nyumbani, ya bandarini na ya Sake ingali inatushika.

Kuna mila moja ya nyumbani ambayo vijana wengi huiona ndogo: gunia na bidoni hurudi. Mama akikutwika unga, hukukumbusha kuwa gunia ni la kurudisha. Akikujazia mawese, bidoni asubiri kuiona. Wengine huona haya kusafiri likizoni na bidoni tupu, msomi mzima. Sisi tulizirudisha. Bidoni tupu haina uzito, nayo ndiyo barua inayosomeka kwa urahisi kuliko zote: nilikula mlichonipa, nipo hai, najua ni chenu. Na mama huiosha, huianika juani, na kuanza tena kuweka akiba kidogo kidogo.

Basi, ninyi mnaofunga mizigo mwaka huu, fungeni bila haya, pimeni bila hila, na mjue majina ya wanaowabebea. Msipatane na mama mbebaji kana kwamba mnapatana na ukuta. Na ninyi mnaokaa katika miji ya vyuo, kikundi chenu kina kazi iliyo karibu nanyi kuliko mnavyodhani. Hakihitaji mfuko wa fedha wala semina. Kinahitaji namba ya simu itakayopelekwa kwa vijana wa parokia za mbali, vijana wawili wa zamu bandarini na kwenye kituo cha magari wakati mwaka wa masomo unapofunguliwa, na kona moja kavu ya kuwekea magunia hadi mgeni apate chumba. Waliotwika wamekwisha kufanya yao. Wanaobeba wako njiani.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Ni nani walioshika upande wa pili wa mzigo wako ulipoondoka nyumbani, na umewaletea habari gani tangu hapo?

2. Katika mji wetu, mwanafunzi mgeni akishuka leo alfajiri, nani atamtua?

3. Ni kitu gani tunachokibeba ambacho uzito wake unaangukia watu wengine bila wao kujua?