Mkolani: Kilima cha Mawe na Kinanda cha Mdomo

Mgeni anayefika Mwanza kwa mara ya kwanza huonyeshwa Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, hukaribishwa sato wa kukaanga, kisha huambiwa kwamba jiji amekwisha kuliona. Wachache hupelekwa Mkolani. Huko utakuta barabara kuu iendayo Shinyanga, maduka madogo ya kando ya barabara, na nyuma yake vilima vya mawe makubwa ambamo watu wamejenga nyumba zao, nyingine zimeegemea jiwe kama mtoto anavyomwegemea mamaye.

Sisi ni akina mama wachache, wengine wauguzi, wengine walimu wa shule ya Jumapili, nasi huenda Mkolani mara kwa mara kuwatembelea wagonjwa na kuimba na watoto. Ukipanda daladala la Buhongwa kutoka mjini utapita Igogo, Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, ziwa likijitokeza na kujificha upande wako wa kulia. Ukishuka Mkolani unaacha lami na kuanza kupanda. Njia ni nyembamba, zimepenya katikati ya mawe, na wakati wa mvua hugeuka kuwa vijito. Wenyeji hupita hapo na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, wala hawajikwai. Sisi wenye viatu vya mjini huhema. Lakini ukifika juu na kugeuka nyuma, unaliona ziwa upande wa Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na upepo wake unakufuta jasho.

"Mwadila, mayu," husalimia bibi wa nyumba ya kwanza, nasi huitikia kwa Kisukuma hicho hicho kidogo tulichojaliwa. Hapo huwekwa mkeka, na mazungumzo huanza.

SAUTI ILIYOPOTEA

Safari tunayotaka kuwasimulia ilikuwa na shughuli moja ya pekee. Kikundi cha akina mama wa kilimani hapo hufundisha watoto nyimbo kila Jumamosi alasiri, chini ya mwembe. Hawana kinanda cha umeme, na hata wangekuwa nacho, mwembe hauna umeme. Aliyekuwa akianzisha nyimbo kwa sauti ni mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa miaka mingi alibanika samaki kwa kuni ili asomeshe watoto wake. Moshi ule ulimwachia kifua kibovu. Anatibiwa, na dawa zake anazitumia, lakini pumzi ya kuimba beti nne haipo tena. Alipoacha kuanzisha, watoto walianza kila mmoja mahali pake, na wimbo ukawa kelele. Naye akaanza kubaki nyumbani siku za Jumamosi.

Akina mama wenzake wakasema, masikio yake bado ni mazima, noti za sol-fa anazisoma vizuri kuliko sisi sote, tumtafutie kinanda cha mdomo. Wakaweka akiba kutokana na maandazi na michango midogo midogo. Fedha zilipotimia, wakatuomba tuwasaidie kuchagua, kwa maana mchuuzi mmoja mjini alikuwa amekwisha kuwaambia, "Mama, chukueni hiki kirefu, kina matundu mengi, hamtajuta." Fedha zile zingetosha mara moja tu. Kosa lingewarudisha kwenye maandazi kwa miezi.

VINANDA VITATU MKOBANI

Kinanda cha mdomo, ambacho vijana hukiita hamonika, ni kisanduku chenye matundu na ndani yake vilimi vyembamba vya shaba. Hewa ikipita, kilimi hutetema na kutoa sauti. Ni chombo cha ajabu kidogo, maana sauti hutoka ukipuliza na hutoka pia ukivuta pumzi ndani. Mji wa Trossingen huko Ujerumani ndiko Matthias Hohner alikoanza kuvitengeneza mwaka 1857, na aina yake iitwayo Marine Band imekuwapo tangu 1896.

Tulikusanya vinanda vitatu kwa ndugu na marafiki ili vijaribiwe kabla senti moja haijatumika. Cha kwanza ni kile kidogo cha matundu 10 ambacho wengi wetu tumekiona. Cha pili ni kirefu, cha matundu 24 kwa safu mbili, juu na chini, aina iitwayo tremolo ambayo hutengenezwa kwa wingi China. Cha tatu ni cha matundu 12, Marine Band Soloist, alichokuja nacho ndugu mmoja aliyekuwa masomoni Ujerumani.

Hapa, mama msomaji, tafadhali tulia kidogo, kwa sababu ndipo fedha hupotea. Vinanda hivi vyote ni vya ngazi moja tu ya do re mi, havina zile noti nyeusi za piano. Hata hivyo havilingani.

Kile cha matundu 10 kimepangwa ili mpigaji apate sauti kadhaa zinazopatana kwa pamoja. Ukipuliza matundu ya 1 hadi 3 unapata do, mi, so. Ukivuta ya 2 hadi 4 unapata so, ti, re. Ili mpango huo utimie, noti mbili zimeachwa upande wa chini, nazo ni fa na la. Tundu la 3 ukipuliza ni so, ukivuta ni ti, na la imerukwa. Upande wa juu kabisa, ti nayo haipo. Mafundi huipata noti iliyokosekana kwa kupinda sauti kwa ulimi, lakini ujuzi huo huchukua miezi mingi.

Kile kirefu kinavutia macho. Lakini kila tundu lake hutoa sauti moja tu, ama ya kupuliza ama ya kuvuta, kwa hiyo matundu 24 ni sauti 24. Kile cha matundu 12 kila tundu lina sauti mbili, nazo ni 24 vile vile! Urefu wa kinanda si wingi wa sauti. Zaidi ya hayo, tremolo ina vilimi viwili kwa kila sauti, kimoja kikiwa juu kidogo ya mwenzake, ndiyo maana inatetemeka vizuri masikioni. Vilimi viwili hudai pumzi zaidi ya kimoja.

Cha matundu 12 cha aina ya Soloist kimepangwa kwa makundi ya matundu manne. Ukipuliza ni do, mi, so, do. Ukivuta ni re, fa, la, ti. Kisha kundi linarudiwa, na tena, hata zikatimia ngazi tatu kamili bila pengo. Ubaya wake ni kwamba ile so, ti, re ya kuvuta kwa pamoja haipatikani, na do ziko mbili jirani, jambo linalomchanganya anayeanza. Vipo pia vya matundu 12 vinavyofuata mpango wa kile cha 10, vikiwa vimeongezwa matundu mawili juu. Hivyo haviponyi pengo la chini. Basi usiulize idadi ya matundu tu, uliza pia yamepangwaje. Na vipo vya matundu 14, kama ile Marine Band iitwayo Steve Baker Special, iliyoongezewa sauti nzito chini. Ni vitamu, ila vilimi vizito huitika polepole na humtaka mpigaji mtulivu.

CHINI YA MWEMBE

Aliyevijaribu ni mama yule peke yake, kwa kuwa ndiye atakayepiga. Tulimwomba achague wimbo ambao watoto huukosea, akachagua ule ujulikanao duniani kote kwa jina la Amazing Grace. Angalia noti zake. Wimbo unaanza so ya chini, unapanda do, kisha baadaye unashuka chini ya do na kugusa la kabla ya kurudi so.

Kwa kinanda cha matundu 10 alianza tundu la 3. Alipofika kwenye la, hakuna kitu. Aliruka, na watoto wakaruka naye. Akajaribu kuanzia tundu la 6, ambako la ipo, lakini sauti ilikuwa kali na ya juu mno, watoto wakaishia kucheka. Kwa kile kirefu noti zote alizipata, na wote tukafurahia ule mtetemo, lakini ubeti mmoja ulipokwisha alikiweka mapajani na kushika kifua. Hatukumharakisha.

Kwa kile cha matundu 12 alianza tena tundu la 3. Safari hii la ilikuwapo pale pale, ni kuvuta tu. Alipiga taratibu, akapumzika, akapiga ubeti wa pili. Watoto waliingia kwenye so yao wote kwa pamoja. Akina mama wenzake walinyamaza, na mmoja akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Uamuzi haukuwa mgumu tena. Akiba yao waliitunza mpaka ndugu yule awapatie kingine kama kile. Kwa wakati huo mama alibaki na kile cha matundu 10 cha kuazima, akichagua nyimbo zisizoshuka chini ya do, nazo si chache. Jumamosi habaki tena nyumbani.

PUMZI NA NAMNA YA KUPIGA

Watu wengi wakishika kinanda hiki hupuliza kama wanaowasha moto wa mkaa. Matokeo yake ni kizunguzungu na vilimi kuharibika. Pumua kama kawaida, kupitia kinanda. Midomo iwe imelegea na yenye unyevu, kinanda kiingie ndani kidogo. Kaa wima, mabega chini. Anza na tundu moja: puliza, vuta, puliza, vuta, mpaka sauti iwe safi bila jirani yake kuingilia. Kisha panda ngazi ukiitaja do, re, mi moyoni. Dakika kumi kwa siku zinamfaa anayeanza.

Huko Marekani shirika la COPD Foundation lina mpango wa kuwafundisha wagonjwa wa mapafu kupiga chombo hiki, kwa vile kinazoeza pumzi ya kuingia na ya kutoka. Hata hivyo tunasisitiza kama wauguzi: kinanda si dawa. Mwenye pumu au kifua amwulize kwanza mhudumu wake, asiache dawa, na akisikia kubanwa aache kupiga. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu.

Noti za sol-fa hutusaidia pia kuchagua ufunguo. Juu ya wimbo huandikwa mahali do ilipo, kwa mfano Do ni G. Pitia nyimbo mnazoimba sana, hesabu ufunguo gani unarudi mara nyingi, ndio ununue. Inafaa tukumbuke kwamba njia hii ya sol-fa, aliyoieneza mchungaji John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, chanzo chake ni mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, aliyetaka watoto waimbe bila kuhangaika.

KINANDA KIMOJA, MDOMO MMOJA

Kinanda cha mdomo hakiazimwi ovyo. Mafua na malengelenge ya midomo hupita kwa mate. Kila mpigaji awe na chake, kiwe na alama. Sukutua mdomo kabla ya kupiga, hasa ukitoka kunywa soda au kula andazi, kwani sukari hugandisha vilimi. Ukimaliza, kipigepige kiganjani matundu yakitazama chini, kifute, kiache kikauke ndipo ukifunike. Chenye kiini cha plastiki kinaweza kusuuzwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Chenye kiini cha mbao kisilowekwe, mbao hufura na kukata midomo. Wala asitumwe mtoto kukiosha ziwani, kwani tunajua kichocho kinavyowasumbua watoto wetu.

KABLA HUJAFUNGUA POCHI

Mama mpendwa, ukiombwa na mwanao au na kikundi chako kununua chombo hiki, usiongozwe na urefu wala mng'aro. Andika noti za nyimbo tatu mnazozipenda. Tazama kama zinashuka chini ya do. Kama hazishuki, kile kidogo cha matundu 10 kinatosha na fedha itabaki. Kama zinashuka, tafuta chenye ngazi kamili, na kwanza kabisa mfikirie atakayepiga: pumzi yake ni ya kiasi gani? Mwombe muuzaji akionyeshe kinalia kila tundu, kupuliza na kuvuta, kwa kipulizio cha mkono kama anacho.

Na kama siku moja utapita barabara ya Shinyanga siku ya Jumamosi alasiri, shuka Mkolani, panda kilima taratibu. Wimbo utakuonyesha njia.