Mshumaa Ulionekana, Bibi Hakuonekana



Usiku wa Mkesha wa Pasaka, sisi mafrateri wawili wa falsafa tulipewa kamera tupige picha katika kigango kimoja cha Mbagala, wilayani Temeke. Umeme ulikatika kabla ya ubatizo. Jenereta ilitosha spika tu, hivyo kanisa likabaki na mwanga wa mishumaa.

Tuliiacha kamera kwenye fokasi ya otomatiki, kama tulivyozoea. Fokasi hiyo hutafuta mahali penye tofauti kali ya mwanga na giza, na mara nyingi hunasa kilicho karibu. Lenzi ilienda mbele ikarudi nyuma, mwishowe ikanasa mshumaa. Tukabonyeza, tukashukuru.

Jumatatu ya Pasaka bibi mmoja alitufuata uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, frateri. Nimeijia ile picha yangu na mjukuu. Mama yake yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Anaisubiri."

Tulimwonyesha. Mshumaa ulikuwa safi, hata matone ya nta yalihesabika. Nyuso mbili zilikuwa ukungu. Bibi alitazama kwa muda, akasema, "Sasa huyu mtoto mama yake atamtambuaje?" Hatukuwa na jibu.

Wiki hiyo tulijifunza fokasi ya mkono: kuhamisha swichi ya lenzi kutoka AF kwenda MF, kukuza picha kwenye kioo, kuzungusha pete polepole mpaka kope zionekane. Tukajiona tumeongoka. Ikaja Komunyo ya Kwanza. Watoto waliingia wakicheza, nasi tukazungusha pete mpaka wakafika altareni. Karibu picha zote za maandamano ziliharibika. Kumbe pale otomatiki, inayomfuata mtu anayetembea, ndiyo ingetufaa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba busara haiishii kwenye kanuni ya jumla. Lazima ifike kwenye tendo hili moja, mahali hapa. Hayo tuliyajibu vizuri kwenye mtihani. Lakini kwa kamera tulitaka kanuni moja itutoshe usiku na mchana, tusilazimike kutazama. Kosa la Mkesha halikuwa la otomatiki. Kioo kilikuwa mkononi mwetu, na hatukukikagua.

Tulikwenda nyumbani kwa bibi. Alimvika mtoto kitambaa cheupe, akaushika mshumaa uleule, wakasimama mlangoni jioni. Safari hii tulitumia mkono, tukakagua kioo mara mbili. Picha ilifika Muscat kabla hatujamaliza chai. Mama alijibu kwa sauti: jina la mtoto tu, mara tatu.

Ubatizo wenyewe hatukuweza kuurudisha. Ndugu mnaoshika kamera parokiani, kabla hamjabonyeza, ulizeni kwanza: ni nani anayesubiri kuuona uso huu? Kisha chagueni swichi.